Kutoa rangi kuukuu kwenye gari ya zamani: njia ipi kwa bati lipi

Gari iliyokaa Unguja au Pemba miaka thelathini haina tabu kubwa kuitoa rangi. Tabu inaanza pale bati linapobaki tupu na upepo wa bahari unapita juu yake. Chuma kilichokwanguliwa asubuhi na kuachwa wazi usiku kucha, alfajiri utakikuta na ukungu wa kutu ya rangi ya chungwa, na pale fundi alipoegemeza mkono wenye jasho alama za vidole vyake zinahesabika moja moja. Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia bati, ikipigwa juu ya ukungu huo inashika kutu, haishiki bati. Ikipita masika moja, malengelenge yanaanza.

Ndiyo maana visiwani njia ya kutoa rangi huchaguliwa kwa kipimo kimoja kabla ya bei na kabla ya kasi: eneo gani la bati utaweza kulikwangua, kulisafisha na kulifunika kwa praima ndani ya siku ile ile. Video za nje zinaonyesha bodi zima likipigwa mchanga kwa hewa ya kompresa kwa siku moja kisha likasubiri wiki mbili kwenye karakana kavu. Gereji ya Mwanakwerekwe au ya Chake Chake haina hewa hiyo, na anayefuata video hizo hatua kwa hatua anajitafutia kazi ya kurudia.

Kabla ya kununua chochote

Mara nyingi rangi yote haihitaji kutoka. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri, hata ikiwa imepauka, ni kinga nzuri kuliko praima utakayoipiga leo chini ya mwembe. Isuguliwe kwa maji na msasa namba 320 hadi 400, kazi iendelee juu yake. Rangi itolewe mpaka kwenye bati ikiwa ina nyufa ndogondogo zilizotapakaa, ikiwa ina malengelenge, ikiwa tepu iliyobandikwa na kuvutwa kwa nguvu inaondoka na vipande, au ikiwa tabaka zimerundikana hata kingo za milango zimenenepa na zinagusana na bodi.

Osha gari kwanza, na uioshe kwa maji matamu. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, kwa hiyo yaonje maji kabla ya kuyamwaga. Kama ulimi unaihisi chumvi, tafuta ya bomba au ya mvua. Chumvi iliyobaki juu ya rangi husukumwa na msasa mpaka ndani ya mikwaruzo ya bati, na kutoka hapo kitambaa hakiifikii tena.

Gari ikikauka, fanya majaribio matatu.

La kwanza ni sumaku. Ile ya spika mbovu inatosha. Ifunge kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe polepole bodi zima, hasa vizingiti vya milango, sehemu za chini za madigadi na pembe za buti. Inaposhika kwa nguvu, chini ni chuma na rangi ya kawaida. Inapolegea kuna fila, yaani ujazo wa kusawazishia mabonde, au kuna metali laini ya risasi ya kuzibia maungio. Isiposhika kabisa, fila ni nene sana au bati lenyewe ni alumini. Zungushia chaki kila mahali pa namna hiyo, kwa sababu hapo njia ya kutoa rangi itabadilika.

La pili ni tina. Loweka kitambaa cheupe kwenye tina ya selulosi, kibandike juu ya rangi kwa dakika mbili, kisha usugue. Rangi ikiyeyuka na kukichafua kitambaa, ni selulosi au akriliki ya zamani, na itatoka bila ubishi. Ikijikunja na kuinuka, ni rangi ya mafuta, ile ile ya milango na mageti, na gari nyingi za visiwani zimewahi kupakwa hiyo kwa brashi. Isipobadilika kabisa, ni rangi iliyookwa kiwandani au ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hiyo ndiyo ngumu.

La tatu ni dirisha. Mahali pasipoonekana sana, sugua kwa msasa namba 180 duara la ukubwa wa sarafu mpaka ufike kwenye bati. Tabaka zitatokeza pete kwa pete. Zihesabu. Tatu au nne ni kazi ya msasa na diski. Zikifika saba au nane, diski zitajaa na kuziba kabla hujamaliza mlango mmoja, na hapo dawa ya kutoa rangi ndiyo inayofaa.

Jambo moja lichukuliwe kuwa kweli bila kupima: rangi iliyopigwa kabla ya miaka ya 1980 ina risasi, hasa praima nyekundu ya chini na rangi za njano na chungwa. Vumbi lake likiingia tumboni au mapafuni hukaa mwilini, na linawadhuru zaidi watoto. Kwa hiyo uani pasiwe na watoto wala kuku siku ya kazi, barakoa iwe ile ya kuzuia vumbi laini na isiwe ya kitambaa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Dawa ya kutoa rangi

Kwa bati pana na bapa, yaani boneti, paa, buti na ngozi za milango, dawa ndiyo chaguo la kwanza. Haipashi bati joto, hailipindi wala haiachi mikwaruzo. Kasoro zake ni mbili: inajificha kwenye maungio, na inadhuru mwili.

Dawa zilizokuwa kali zaidi zilitegemea dikloromitheni, inayoandikwa DCM kwenye karatasi ya maelezo. Inachemka kwenye nyuzi 40 hivi, wakati boneti lililokaa juani saa sita mchana hapa hupita nyuzi 60. Ukiipaka juani inaruka yote kabla haijapenya, na fundi analalamika dawa ni feki. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatua chini na kujaa kwenye shimo la gereji, na ukivutwa mwili huugeuza kuwa kaboni monoksaidi. Watu wamekufa wakiitumia ndani ya vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilikataza mwaka 2019 isiuziwe watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi. Barakoa za kawaida za mkaa hazizuii mvuke huo kwa muda wa maana. Ukiikuta dukani, itumie mahali pa wazi palipo na upepo na kivuli, au usiitumie.

Dawa za sasa zenye pombe ya benzili ni za pole na za polepole. Zinahitaji saa kadhaa, na zisipofunikwa zinakauka.

Utaratibu ni ule ule kwa zote mbili. Zungushia kila pengo na kila ungio tepu ya karatasi mara mbili au tatu, na uache ukingo wa sentimita 5 usiopakwa dawa; ukingo huo utautoa kwa mkono baadaye. Kwaruza rangi kwa msasa namba 40 au 60 ili dawa ipate pa kuingilia. Mimina kwenye kopo la chuma, uchote kwa brashi ya nywele za asili, na uipake nene, milimita 2 hadi 3, kwa kuvuta upande mmoja tu. Usirudishe brashi nyuma. Juu ya dawa hujiunda utando wa nta unaozuia mvuke kutoka, na kila unaporudisha brashi unaupasua. Funika kwa nailoni ya mafundi ujenzi na ukandamize hewa itoke.

Baada ya dakika 20 kwa dawa kali, au saa 2 hadi 4 kwa ya pole, jaribu pembe moja kwa skrepa. Ikiinuka mpaka kwenye bati, kwangua yote. Ikitoka tabaka la juu peke yake, rudisha nailoni na usiongeze nguvu: skrepa ya chuma iliyosukumwa kwa hasira inachimba mfereji ambao utaujaza fila. Ondoa makali ya pembe za skrepa kwa tupa kabla ya kuanza. Rangi iliyobaki kwenye mikunjo isuguliwe na waya wa kusugulia masufuria uliochovywa dawa.

Kwa gari ndogo kama Morris Minor, weka akiba ya dawa ya kutosha sehemu za nje peke yake, mipako miwili.

Kinachoharibu kazi ya dawa ni mabaki. Nta na dawa iliyobaki kwenye bati haionekani, na mwezi mmoja baadaye rangi mpya inainuka mahali pale pale. Osha kama kopo linavyoelekeza, aghalabu kwa maji au kwa tina. Ikiwa ni maji, kausha mara moja kwa kitambaa na hewa ya kompresa, hasa mikunjoni, kisha piga msasa namba 80 kavu, upanguse tena kwa tina. Glavu ziwe nene za raba ya kemikali. Zile nyembamba za hospitali huyeyukia mkononi ndani ya dakika chache.

Kuhusu kostiki soda ya watengeneza sabuni: ni kweli inatoa rangi ya mafuta, na ni rahisi. Lakini inapoingia kwenye maungio haitoki, inavuta unyevu, na inasukuma rangi mpya kutoka ndani kwa miaka. Itumie kwa vipande vidogo vya chuma vilivyofunguliwa tu, kama mabano na bawaba, ndani ya ndoo ya plastiki, na siku zote soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Maji yakimiminwa juu ya soda huchemka na kuruka usoni. Alumini haiwekwi humo kabisa, maana soda inaila na kutoa haidrojeni inayoshika moto.

Diski, msasa na wembe

Madigadi, nguzo, mizunguko ya taa na kila palipopinda ni pa mashine. Hapa kosa la kila siku ni kufunga kwenye grenda diski ya kukatia vyuma au ile ya majani ya msasa. Zote mbili zinatoa rangi haraka sana, na zinatoa bati pamoja nayo. Bati la gari hizi lina unene wa milimita 0.8 hadi 1 lilipokuwa jipya. Likishaliwa na kutu upande wa ndani, hubaki nusu.

Diski inayofaa ni ile nene yenye matundu kama sifongo, nyeusi, zambarau au buluu. Inakula rangi na kutu ya juu na haili chuma safi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Grenda ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na hiyo ni kasi kubwa kwa diski hizi. Tumia yenye kurekebishika, uiweke kati ya 3,000 na 6,000. Kasi ikizidi rangi inayeyuka, inanata kwenye diski na kunuka. Sogeza mkono muda wote. Bati likiwa la moto kiasi cha kutoweza kuliwekea kiganja, hamia sehemu nyingine kwa dakika chache, la sivyo litavimba katikati na halitarudi. Diski 6 hadi 8 zinatosha gari ndogo, na zinaisha haraka ukizipitisha kwenye kingo kali.

Brashi ya waya kwenye grenda inapendwa kwa sababu inang'arisha. Ndiyo hasara yake. Inapaka kutu na kuisugua mpaka inang'aa, na fundi anaiona kutu iliyopigwa polishi akidhani ni chuma. Iachwe kwa pembe zisizofikika.

Baada ya diski, pita na mashine ya msasa namba 80, kisha namba 120 au 180, ili praima ipate mikwaruzo ya kushika. Bati linalong'aa kama kioo halishiki praima.

Njia inayodharauliwa ni wembe. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi juu ya rangi ya kiwandani iliyokuwa haijasuguliwa huwa imeshika kwa shida, na skrepa yenye wembe mpana, ikishikwa kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi na kusukumwa mbele, inaiondoa kwa maganda marefu bila vumbi, bila umeme na bila mvuke. Kwa rangi yenye risasi hakuna njia ya kiafya zaidi. Jaribu wembe kabla ya kununua dawa. Ukifaulu kwenye mlango mmoja, umeokoa fedha ya maana.

Kupiga mchanga

Kwa chesisi, mihimili ya chini, rimu za chuma na kutu yenye mashimo, hakuna kinachoshinda kupiga mchanga. Kwa boneti na paa, hakuna kinachoharibu zaidi. Watu hudhani bati linapinda kwa joto. Sababu kubwa ni kwamba kila chembe ni nyundo ndogo: maelfu ya chembe yakigonga upande mmoja, ngozi ya upande huo inatanuka na upande wa pili unabaki ulivyo, bati likajikunja. Bati bapa likishatanuka, kulirudisha ni kazi ya fundi bingwa, na wengi huishia kulifukia kwa fila.

Presha ya chesisi ni 80 hadi 100 psi, kipimo kile kile cha hewa ya matairi. Ikiwa ni lazima upige bati jembamba lililopinda, shuka mpaka 30 au 40, elekeza bomba kwa mshazari na uliweke mbali, sentimita 30 au zaidi. Kompresa ya lita 50 ya kujazia matairi haitafika popote: tundu la milimita 3 kwa 80 psi linahitaji kama futi za ujazo 17 za hewa kwa dakika.

Halafu mchanga wenyewe. Mchanga wa ufukweni usiguse gari. Ule mweupe wa Paje au Jambiani ni matumbawe na makome yaliyosagika, laini, unageuka unga kabla haujakata rangi, na una chumvi. Kuupiga kwenye chuma kwa 80 psi ni kuipigilia chumvi ndani ya bati. Kuuosha mara moja hakutoshi. Mchanga wa nchi kavu wenye silika unakata vizuri, ila vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa, na linamfikia jirani pia. Anayelipwa kupiga mchanga aulizwe anatumia nini. Jibu zuri ni garneti, yaani jiwe gumu lililosagwa, au kioo kilichosagwa. Na aonyeshe kofia yenye bomba la hewa safi, kwa sababu barakoa ya kawaida haitoshi kwa kazi ile.

Kabla ya kupeleka gari, ondoa au ufunike kwa mbao na tepu nene kila kioo, vibati vya namba ya injini, breki na bearingi. Punje huingia kwenye vizingiti na mihimili iliyofungwa, hunywa unyevu na kuozesha kutoka ndani. Ikirudi gari, inua upande mmoja, gonga kwa nyundo ya raba, vuta kwa mashine ya kuvutia vumbi, kisha puliza. Rudia mpaka isitoke punje.

Njia ya kuchanganya mchanga na maji inapunguza vumbi kweli, lakini inaacha chuma tupu kikiwa kimelowa. Hapa kwetu, bila dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji hayo, kutu inaonekana ukiwa bado unakunja mpira. Kutumbukiza bodi zima kwenye pipa kubwa la kemikali, kama wafanyavyo Ulaya, si jambo la kufikiria visiwani.

Joto

Mashine ya kupuliza hewa ya moto inafaa kwa tabaka nene za rangi ya mafuta na kwa ile lami iliyopakwa chini ya gari. Iweke kwenye joto la chini, skrepa ifuate mara rangi inapolainika. Miali ya gesi isitumike kabisa. Kuna sababu mbili, mbali na moto wenyewe: rangi yenye risasi ikiungua hutoa moshi wa sumu, na risasi ya maungio huanza kulegea kwenye nyuzi 183, kwa hiyo fundi anayechoma pembe ya dirisha la Morris anaweza kuuona mstari wa mwili wa gari ukidondoka sakafuni.

Gari kwa gari

Morris Minor, iliyoundwa 1948 hadi 1971, ni ya chuma na madigadi yake yanafunguka kwa boliti. Yafungue. Dawa kwa boneti na paa, diski kwa madigadi, msasa wa mkono namba 120 kwenye maungio yenye risasi, tena wa maji ili vumbi lisipae. Sehemu za chini zenye kutu ndizo za mchanga.

Volkswagen Beetle nayo ina madigadi manne ya kufungua, na raba iliyobanwa katikati ya digadi na bodi itupwe. Chini ya raba hiyo ndipo chumvi inapolala, na utakuta mstari wa kutu hata kwenye gari inayoonekana safi.

Peugeot 404 na 504 zina paa pana na bapa. Dawa au wembe. Mwenye 404 aangalie mfereji wa maji wa pembeni mwa paa: dawa isiingie humo, na fila ya zamani itolewe kwa ncha ya bisibisi mpaka kiini cha kutu kionekane.

Land Rover za zamani ni habari nyingine. Tangu ya kwanza mwaka 1948, ngozi zake nyingi ni aloi ya alumini, ila chesisi na ukuta wa mbele ya dereva ni chuma, na juu ya kingo za bodi la nyuma kuna vipande vya chuma vilivyopakwa zinki. Metali tatu, njia tatu. Kwenye alumini tumia dawa isiyo na kostiki na skrepa ya plastiki, kisha sifongo ngumu nyekundu ya kusugulia. Brashi ya waya wa chuma isiguse: inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kwenye hewa ya chumvi kila chembe inaanzisha ulaji wake. Kwenye vipande vya zinki, toa rangi kwa dawa tu. Ukipiga diski unatoa zinki yenyewe, na ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki itabanduka. Chesisi ipigwe mchanga. Ukiona unga mweupe chini ya rangi kuzunguka boliti, hapo chuma na alumini zimekuwa zikigusana kwenye maji ya chumvi. Fungua boliti, safisha, na urudishe kwa washa ya plastiki. Bila hivyo unga utarudi chini ya rangi yoyote.

Asiyewahi kufanya kazi hii ajifunzie kwenye mbavu za Vespa, ambazo Unguja hazikosekani. Ni chuma, ni ndogo, zimepinda hivyo hazijikunji ovyo, na ukiharibu hasara ni ndogo.

Siku ya kazi

Miezi ya kutegemewa ni Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Masika acha. Vuli fanya tu ukiwa na paa na kuta.

Chukua kipande kimoja au viwili, si zaidi. Anza saa 3 asubuhi, umande ukiwa umekauka. Lenga kumaliza kukwangua saa 7 mchana, na praima iwe juu saa 9 alasiri. Jioni unyevu unapanda na bati linapoa, na hapo utando wa maji usioonekana unatua juu yake. Kipimo cha bila mashine: panguza bati kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Unyevu ukikauka wote ndani ya dakika 15, endelea. Usipokauka, ahirisha.

Bati likiwa tupu, vaa glavu safi na usiliguse kwa ngozi. Safisha kwa vitambaa viwili vya pamba, kimoja kimelowa dawa ya kutoa mafuta, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijaruka. Petroli isitumike, huacha mafuta.

Praima ya kwanza iwe epoksi ya kopo mbili, yaani praima na hadina yake. Praima nene ya kijivu ya kusugulia inavuta maji, na gari zilizoachwa na hiyo peke yake kwa miezi huwa zimeshaoza chini kabla ya kupigwa rangi. Praima ya asidi ni nzuri kwa alumini, ila usiipigie epoksi juu yake mpaka makopo yote mawili yakubali, na fila isiwekwe juu yake. Ukitumia asidi ya fosforiki, dawa ya kuondoa kutu, kwenye mashimo ya kutu, ioshe na uikaushe kabisa kabla ya epoksi, kwa sababu asidi iliyobaki huizuia kushika. Changanya kwa uwiano wa kopo ukitumia kikombe chenye vipimo. Mipako miwili, dakika 20 hadi 30 kati yake. Lita 2 zilizokwisha changanywa zinatosha nje ya gari ndogo.

Toa maji kwenye tenki ya kompresa kila asubuhi, na chujio la maji liwekwe mita 7 au 8 kutoka kwenye kompresa, hewa ikiwa imeshapoa. Likiwekwa mdomoni mwa tenki, mvuke wa moto unalipita na kugeuka maji kwenye bunduki ya rangi.

Umeme ukikatika bati likiwa tupu, usingoje urudi. Epoksi hupakwa vizuri kwa rola ndogo ya sifongo. Itakuwa na vipele, utavisugua kesho. Ikiwa hata epoksi huna, usipake oili ukidhani unalinda. Liache, na asubuhi rudia msasa namba 80 eneo lote, hata kama kutu huioni.

Mabaki

Maganda yaanguke kwenye turubai na tope la dawa likusanywe kwenye debe lenye kifuniko. Lisimwagwe uani wala mtaroni: chini ya sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa leo kinashuka kwenye maji ya visima bila kuchujwa. Maganda yasichomwe moto. Vitambaa vyenye tina vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja kabla ya kutupwa, maana vikirundikwa mvuke wake unangoja cheche tu. Maji ya msasa yaachwe kwenye ndoo mpaka kesho yatulie, ya juu yachotwe taratibu na tope la chini liungane na maganda kwenye debe.